Nyota ya Bi Shumi

Ruzuna alivuta mstari juu ya nyota mpya iliyokuwa kwenye picha, na kompyuta ikamchorea grafu ya mwanga wake. Kila nyota huchora kilima. Hii ilichora sindano.

"Rudia, mwanangu," alisema Profesa Mbaruku, ambaye jana tu alikuwa ameitangaza nyota hiyo kwa jina la marehemu mkewe.

Alirudia. Sindano ileile.

Profesa aliinamia skrini. "Hebu fungua ile picha tuliyopiga kamera ikiwa imefunikwa."

Picha ilikuwa giza tupu, na ndani ya giza hilo, mahali palepale, nyota ya Bi Shumi iliwaka.

"Ni kasoro ya kamera, Profesa," Ruzuna alisema kwa sauti ndogo.

Profesa alivuta mkono wa shati, akakipangusa kioo cha kompyuta. Nukta ikazidi kung'aa.