Vigelegele vya Mikoroshoni

Nguzo iliyo kwenye kona ya mtaa wa Mikoroshoni husikiliza. Ikisikia yowe la mwizi, uhalifu wa mtaa huhesabiwa umepanda, na manispaa huadhibu kwa kuyakausha mabomba ya nyumba zote wiki nzima. Basi wanawake wakakubaliana: ukivamiwa, piga vigelegele. Nguzo haihesabu furaha, na majirani watakuja na michi.

Alasiri moja Sikudhani alikuwa akipakua visheti vya kumpelekea jirani yake Hidaya, ambaye bintiye alikuwa akichumbiwa, vigelegele viliposikika kwa Hidaya.

"Washenga hao wamefika," alisema Shomari, mume wa Sikudhani.

"Au wameingia wengine."

"Si shoga yako? Huvijui vigelegele vyake?"

Zamani angevijua. Siku hizi wote wamejizoeza kuvipiga kwa bashasha hata kisu kikiwa shingoni, nguzo isije ikashtuka.

Akasimama mlangoni, sahani mkono huu, mchi mkono ule. Kila mlango ulikuwa na mwanamke aliyesimama vivyo hivyo, akimngoja mwenzake atangulie.

Vigelegele vikakatika ghafla. Mtaa mzima ukawa kimya, isipokuwa mabomba, yaliyoendelea kumwaga maji uani.