Wimbo wa Kumfukuza Eucabeth

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajakamua hata ng'ombe mmoja, Benard alibeba spika hadi uani, akaielekeza kwenye duka la Eucabeth ng'ambo ya barabara, akafungua sauti mpaka mwisho. Gita likaanza. Akavuta kiti, akaketi kumtazama adui yake akiungua.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa, na wimbo ni ule ule. Hakuna rekodi aliyowahi kuipenda namna hii. Maneno yenyewe hakuyaelewa hata moja, maana yalikuwa ya Kijaluo na yeye ni Mkipsigis wa Mogogosiek tangu enzi za babu yake. Lakini jina la Eucabeth alilisikia vizuri, mara saba, na kila lilipotajwa alipata raha.

Alikuwa na sababu. Kwa miaka tisa alikuwa mwenyekiti wa kituo cha kupimia majani chai, mtu wa kusalimiwa kwanza. Kisha mjane huyu wa kuuza sukari na sabuni akasimama mbele ya wakulima wote, akasema amemwona Benard akiyamwagia majani yake maji ili yawe mazito kwenye mizani. Ni kweli aliyamwagia. Lakini lazima aseme? Uenyekiti ukaenda siku hiyo hiyo, na Benard akaapa kwamba Eucabeth atahama Mogogosiek kwa aibu.

Matusi ya Kiswahili angeyazoea. Benard alitaka yamwingie Eucabeth kwa Kijaluo, lugha ya mama yake. Ndipo akamtafuta Kepher, Mjaluo fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, ambaye Jumamosi alipiga gita harusini na alikuwa amesharekodi nyimbo kadhaa katika studio moja ya Litein. Desturi ya wapiga gita wa Kijaluo kila mtu aliijua: wape kitu, na jina unalotaka litaingia kwenye wimbo. Benard akampelekea mbuzi.

"Mtaje jina," alimwambia. "Taja duka, taja hata njia yenye anapita kuchota maji. Kila mtu ajue ni yeye, na ajue vile yuko."

Kepher alipokea kamba ya yule mbuzi.

"Na utaiweka kila siku, mzee?"

"Mpaka asikie vizuri."

Asubuhi ya kwanza wimbo ulipolia, Eucabeth aliganda mlangoni. Akajifunika uso kwa leso, akaingia ndani, na duka halikufunguliwa mpaka saa sita. Benard alicheka mpaka akakohoa. Kufikia wiki ya pili, wachumaji waliopita na vikapu mgongoni walikuwa wakiimba kiitikio, wakitupa macho dukani na kutabasamu. Aibu ilikuwa inaenea kama alivyopanga.

Mkewe Rodah ndiye peke yake aliyemharibia starehe. "Baba Winny," alisema akipita na ndoo ya maziwa, "hiyo wimbo ni tamu sana kuwa matusi."

Benard alimjibu kwamba aende akaangalie ng'ombe wake.

Na sasa, siku hii ya kumi na tisa, pikapu ilisimama mbele ya duka. Vijana wawili wakaanza kutoa vitu nje: rafu, magunia ya mchele, meza, mpaka mizani. Eucabeth alikuwa amesimama kando akiwaonyesha pa kuviweka, uso wake ameuinamisha. Benard aliinuka. Anahama. Akaurudisha wimbo mwanzo ili umsindikize vizuri.

Kiitikio kilikuwa hakijafika Kepher alipovuka barabara, amevaa suti, akamshika Benard mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Anaenda wapi?" Benard aliuliza, akishindwa kuficha meno.

"Haendi mahali, mzee. Tunatoa vitu wageni wapate nafasi. Ni mimi nahamia kwake." Kepher hakumwachilia mkono. "Miaka miwili nimemwomba tuoane kwa mdomo wangu, akakataa. Lakini vile wewe umemwambia kila asubuhi, na sauti yote hiyo, jana amekubali. Kuja na mama mkule. Tumechinja ile mbuzi yako."