Sikio Lililorudishwa

Sheria ya sasa inasema ujuzi ni mali ya mwajiri, na anayestaafu lazima aurudishe. Shekue alirudisha wake Ijumaa.

Miaka thelathini alizisuka upya injini za magari ya mbio katika karakana ndogo huko Bavaria, akizipima kwa sikio tu. Valvu ikichelewa kidogo, yeye keshajua. Siku ya kuagana, mwenye karakana, Bwana Reinhold, alimvisha kofia ya nyaya, akamnyonya usikivu wote ule, kisha akampa saa ya ukutani. Shukrani ya punda ni mateke.

Jumatatu asubuhi mkewe, Mwantumu, alimsogezea kifua kama kawaida yao. Ana pumu, na mumewe alikuwa akiisikia inakuja siku mbili kabla haijambana.

Shekue akaweka sikio. Pumzi iliingia, ikatoka. Zaidi ya hapo hakusikia kitu.

"Vipi, Baba Saumu?"

"Safi. Safi kabisa."

Mwantumu akafunga vifungo vya gauni taratibu, bila kumtazama.

"Miaka yote hii," alisema, "hujawahi kunijibu upesi hivyo."