Gunia la Mfano

"Rudia," dada mtu alisema, akamrushia fundi wake gunia kwa utani. "Mafundo mawili tu? Unamshonea adui yako?"

Mdogo wake, meneja wa mradi, alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, vumbi la katani limemjaa mabegani, akitafuta pa kuanzia. Dada hakumwangalia. Alishika sindano mwenyewe, akafunga uzi kwenye pembe ya gunia, akaukata kwa meno. Ndivyo mama yao alivyowafundisha, na ndivyo kila fundi wa karakana ile alivyofundishwa: fundo la kwanza la mashine, la pili la mteja, la tatu la jina lako.

"Haya, sema. Umesimama kama mtu aliyeleta habari za msiba."

"Wamekataa, dada."

Mradi wake ulikuwa na kazi moja, tena nzuri kuisikia: kuwasaidia wakulima wa ufuta wauze nje. Ufuta wao ulikuwa unarudishwa kwa sababu ulisafirishwa kwenye mifuko iliyowahi kubeba mbolea. Walihitaji magunia safi. Karakana ya dada yake, mtaa wa pili kutoka ofisini, ilishona magunia safi. Hata mtoto wa chekechea angejua la kufanya. Lakini fedha zilikuwa za wafadhili, na wafadhili wana masharti yao: muuzaji lazima ashinde zabuni ya kimataifa, na kuingia tu kwenye zabuni kulitaka dhamana ya benki ambayo karakana ile isingeipata hata ingeuzwa na paa lake. Meneja aliandika, akaomba, akabisha hodi kila mlango. Na kila alipotaja karakana, mshauri wa wafadhili alitabasamu kwa huruma, maana alijua ni ya dada yake. Zabuni ikaenda kwa kampuni ya ng'ambo.

"Yaani magunia yapande meli yaje hapa, haya yangu yaliwe na panya?"

"Ndivyo masharti yalivyo."

"Na wewe ni nani pale? Si ndiwe meneja?"

Alitazama viatu vyake.

Mafundi wakaanza kupungua. Mwenye nyumba akawa anapita kila wiki, hasemi kitu, anachungulia tu.

Kisha alasiri moja dada akapiga simu, anacheka mpaka maneno hayasikiki.

"Tumeuza nje, mdogo wangu! Nje!"

Dalali mmoja alikuja na lori, akazoa magunia yote, hadi yale ya stoo. Mnunuzi wake yuko ng'ambo. Bei ilikuwa ya kutupa, dada hakuficha, lakini alisema mlango umefunguka. Sharti lilikuwa moja tu: yasipigwe mhuri wa karakana.

"Wakubwa hao wanapenda kupiga wa kwao," alisema. "Wapige tu!"

Meneja aliweka simu mezani, akacheka peke yake kama mwehu. Tangu zabuni ile alikuwa halali vizuri, na sasa dada yake alikuwa amejikwamua bila yeye. Alikwenda mbio kumwambia mshauri, naye akampa mkono.

"Umeona? Soko limefanya kazi yake. Hakuhitaji msaada wetu."

Dada aliuza friji yake, akanunua katani ya oda ya pili, akawaita mafundi wakae tayari. Dalali alikuwa ameahidi kurudi. Hakurudi. Simu yake ikawa haipatikani. Mafundi walikuja, wakapiga soga, wakaondoka. Safari hii mwenye nyumba alisema: mwisho wa mwezi anataka funguo.

"Nyinyi watu wa maofisi makubwa," dada alimwambia mdogo wake kila jioni, "hamwezi kunitafutia huyo mnunuzi wangu? Mwambie tu tuko tayari."

Alimtafuta kweli. Lakini alichokuwa nacho ni namba ya simu iliyozimwa na neno ng'ambo, na ng'ambo ni kubwa. Iliuma kuliko alivyoweza kumwambia dada yake.

Wiki ile ile magunia ya mradi yakafika. Yalikuwa yamechelewa, meli, walisema, meli. Marobota yalipangwa uani mwa ghala, yamevalishwa nailoni inayong'aa, yenye maandishi ya kigeni kila upande. Wakulima waliitwa kupokea. Mshauri akataka dada naye aalikwe, aje aone ubora unaozungumzwa. Meneja alimwalika kwa ulimi mzito. Alikuja, amevaa gauni lake la kutokea.

Mshauri alichana robota kwa kisu, akatoa gunia, akalivuta kwa nguvu zake zote. Mshono haukutikisika. Wakulima wakapiga makofi.

"Mwambie dada yako," alimgeukia meneja, maana alizungumza kupitia kwake, "hii ndiyo sababu tunanunua nje. Achukue hili liwe mfano. Siku akiweza kushona hivi, tutazungumza."

Meneja alitafsiri. Alitaka kuyalainisha, hakuona pa kulainisha.

Dada alilipokea kwa mikono miwili. "Mwambie asante. Mwambie nitajifunza."

Alilipapasa, akalinusa. Kisha akaligeuza ndani nje, kama fundi yeyote angefanya, akaufuata mshono kwa kidole, taratibu, mpaka kwenye pembe. Kidole kikasimama hapo.

Halafu akamsogezea mdogo wake ile pembe: ncha ya uzi imekatwa kwa meno, na nyuma yake mafundo matatu.

"Mdogo wangu," akasema, "yule mnunuzi wangu, usimtafute tena."