Kiwanja Namba Tisa

Fundi cherehani alibisha hodi kwa sauti ndogo, huku akiomba mwenye nyumba awe ametoka.

Wiki tatu hakuwa ameugusa mlango huu. Wiki tatu mtaa mzima ulikuwa ukimpita mkunga mstaafu kama mtu anavyopita ukuta. Na aliyeyaanzisha yote hayo, tukisema ukweli, alikuwa yeye fundi, kwa mdomo wake mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Kampuni moja ilinunua ghala bovu nyuma ya nyumba ya mkunga, ikatangaza kwamba itajenga hoteli ya ghorofa tisa. Barabara ingepanuliwa, na vibaraza vyote vya mbele vingevunjwa, pamoja na kile ambacho fundi ameshonea nguo kwa miaka kumi na minne. Mtaa ukachachamaa. Vikao, barua, mabango. Ndipo siku moja fundi akaona gari jeupe limeegeshwa kwa mkunga, na kijana wa kampuni anatoka na mkoba. Mkunga alimsindikiza mpaka nje, wakapeana mikono, wakacheka.

"Ameshauza," fundi aliwaambia wanakamati jioni ile. "Nimeona kwa macho yangu."

Alichoona ni mikono tu. Lakini kufikia kesho yake gari moja lilikuwa limeshazaa matatu, na mkoba umevimba kama mto wa kulalia.

Salamu zikakatika. Fundi mwenyewe alimrudishia mkunga kitambaa cha gauni kabla hata ya kukikata. "Nina kazi nyingi, Mama," alisema, bila kuinua macho kwenye sindano. Mkunga huyu ndiye aliyemzalisha mabinti zake wote wawili, wa pili akiwa ametanguliza miguu. Hakubisha. Alikunja kitambaa chake, akasema, "Haya mwanangu, kazi njema."

Lakini kilichomchoma fundi zaidi ni cha Jumapili. Wanawake walikuwa wamekusanyika kwa mke wa fundi bomba kumwona mtoto mchanga, mara wakasikia hodi, na sauti waliijua. Mzazi akainuka kwenda kufungua. Fundi cherehani akamshika mkono, akaweka kidole mdomoni. Wanawake sita wazima wakanyamaza kama wezi darini, wakasikiliza hodi ya pili, ya tatu, kisha kandambili zikiondoka polepole. Walipofungua walikuta soksi za mtoto zimening'inizwa kwenye kitasa, za kufuma kwa mkono.

Asubuhi ya Alhamisi hii wanakamati, fundi akiwemo, walikwenda ofisi ya ardhi kupeleka pingamizi lao. Karani alifungua faili, akawatazama kwa juu ya miwani.

"Barua zenu nimezisoma," alisema. "Ila siyo zilizowakwamisha hawa watu. Aliyewakwamisha ni mwenye kiwanja namba tisa. Bila kiwanja chake hoteli haina pa kutokea barabarani. Wamemfuata mara nne, na kila wakija wanapandisha dau. Tazameni wenyewe. Amekataa, amekataa, amekataa. Mara ya nne ilikuwa Ijumaa iliyopita."

Namba tisa ni ya nani, hakuna aliyehitaji kuuliza. Kila mmoja aligundua ghafla kwamba viatu vyake vina vumbi.

"Utatutangulia wewe," mwenyekiti alimwambia fundi walipotoka. "Si ndiwe uliyeona kwa macho yako?"

Basi mlango ukafunguliwa.

"Ah, mwanangu! Ingia, usisimame juani."

Sebule ilikuwa na mwanga mkali. Madirisha yalikuwa matupu. Mapazia yake fundi ndiye aliyeyashona, na alidhani anajua kwa nini yameshushwa. Angekuwa yeye, asingeyashusha tu, angeyachoma moto. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima akayaacha. Akajikuta amepiga magoti kwenye sakafu.

"Mama, nilikusingizia. Sikujua lolote, nikasema najua. Watu wakaniamini."

"Nilisikia."

"Na Jumapili..." Alikaza macho sakafuni. "Jumapili nilikuwemo mle ndani."

"Najua," mkunga alisema. "Viatu vyako vilikuwa mlangoni."

Fundi alijifunika uso kwa viganja. Alilia kilio kile cha mtoto aliyekamatwa, kisicho na utetezi. Alitamani atukanwe. Matusi angeyabeba.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Kweli kabisa, sina kinyongo na wewe." Mkunga alimshika kwapani kwa mikono iliyozoea kuinua wanawake, akamkalisha kitini. "Futa macho, unywe chai."

Mzigo ukaanza kumshuka fundi begani. Akapenga kamasi, akacheka kidogo kwa aibu.

"Kesho tuna mkutano, Mama. Mtaa mzima unataka kukuomba radhi. Tutakuketisha mbele, pale pale kwenye kiti cha mwenyekiti, na asimame yeye! Umetuokoa wote, na sisi hatukujua."

Mkunga alimimina chai bila haraka, akajaza kikombe cha mgeni kwanza.

"Mara nne nilikataa," alisema, "kwa sababu kila nikishika ile kalamu nilikuwa nawaona ninyi. Nitawaachaje majirani zangu?" Akamsogezea sukari. "Jumatatu asubuhi yule kijana akaja tena. Nikashika kalamu, sikumwona mtu. Nikasaini."