Mkono Ulioshika Udongo

Rwezaura aliingiza vidole kwenye alama za lile donge la udongo, na kidole cha pete kikagota katikati. Aliyeliminya alikuwa na kidole kilichokatika.

Mteja asiyeweza kufika kwenye karakana ya Rwezaura hapa Kihanga huminya udongo mbichi, akautuma ukishakauka, naye fundi humchongea mpini unaomkaa mkononi. Donge hili lilikuja na kisu cha kuchinjia kisicho na mpini. Mwendesha bodaboda kutoka Isingiro ndiye aliyelileta, na bado alikuwa akisubiri mlangoni.

Kidole hicho alikijua. Binti yake alikatwa kidole na panga shambani akiwa mdogo. Sasa ameolewa huko Isingiro, na kila akipigiwa simu husema hawajambo.

"Anataka mpini wa namna gani?"

"Amesema usiteleze, mzee, hata mkono ukilowa."

"Anaitwa nani?"

"Hakunitajia. Amesema fundi atajua."

Rwezaura alilisogeza donge dirishani. Kwenye alama ya kiganja kulikuwa na vistari vyembamba vilivyopishana. Mkono ulioshika udongo ulikuwa umefungwa bandeji.

"Anakitaka lini?"

"Leo, kabla mumewe hajarudi. Anarudi jioni."

Kipande cha mti wa kahawa kilikuwa tayari kimebanwa kwenye jiliwa. Rwezaura akapitisha tupa mara moja, unga ukamwagika, akaiweka tupa chini.

Akakifungia kisu sandukuni, akachukua koti.

"Pikipiki yako ina mafuta ya kutufikisha Isingiro?"