Mteja Bora wa Mwezi

Fundi wa intaneti aligonga mlango mara ya tatu. Mkononi alishika zawadi ya kampuni, kisanduku kipya chenye kasi maradufu, kwa mteja aliyetazama video kuliko wote mjini: siku kumi na tisa bila kuzima.

Ndani kilisikika kicheko cha watu wengi, kisha tangazo la sabuni.

"Babu simwoni siku hizi," alisema mama jirani, akianika nguo. "Ila TV yake inaongea kutwa kucha, nikajua yumo."

Fundi akasogea dirishani kuchungulia. Kwa ndani, kioo kilikuwa kimejaa nzi.

Simu yake ikaita. Alikuwa meneja.

"Vipi, umeshampiga picha? Hakikisha anatabasamu."